TAMKO LA WAFUGAJI WA KIBONDO NA KASULU KUHUSU USALAMA WA CHANJO YA MAPELE NGOZI



Sisi wanachama wa chama cha wafugaji wa wilaya za Kibondo na Kasulu tunatoa tamko hili kwa sababu ya maneno yanayozagaa minadani, majoshoni na vilabuni: kwamba chanjo ya mapele ngozi inaua ng'ombe, inatoa mimba, inakausha maziwa, na kwamba ndiyo inayouleta ugonjwa wenyewe.

Msimamo wetu ni huu. Chanjo ya mapele ngozi iliyosajiliwa, iliyotunzwa kwenye ubaridi wake na kuchomwa na mtaalamu kwa ng'ombe mwenye afya ni salama, na tunawataka wanachama wetu wachanje. Ila usalama huo hautoki ndani ya chupa peke yake. Unategemea chupa ilivyosafiri, sindano iliyotumika, siku aliyochanjwa ng'ombe, na maneno aliyoambiwa mwenye ng'ombe kabla ya sindano kuingia. Katika hayo manne zipo kasoro, na tutazitaja. Tamko linalosema tu kwamba chanjo ni salama halimfai kitu mtu aliyemkuta ng'ombe wake asubuhi amevimba shingo.

Tuanze na ugonjwa. Mapele ngozi unaletwa na kirusi cha jamii ya ndui, ndugu wa karibu wa virusi vya ndui ya kondoo na ndui ya mbuzi. Haumpati binadamu. Ulionekana kwa mara ya kwanza Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, mwaka 1929, na wataalamu wa wakati ule walidhani ng'ombe wamekula majani yenye sumu au wameumwa na wadudu. Ilipofika miaka ya 1940, ulipovuka kwenda Bechuanaland (Botswana ya leo) na Afrika Kusini, ndipo ilipobainika kuwa ni ugonjwa wa kuambukiza. Afrika Kusini peke yake ng'ombe wapatao milioni 8 waliugua kati ya mwaka 1944 na 1949. Kenya ulionekana mwaka 1957, na Tanzania uliripotiwa mwaka 1981. Tunaitaja miaka hii kwa ajili ya wanaosema mapele yameletwa na sindano. Ugonjwa ulitangulia, chanjo ikafuata. Na mbegu ya chanjo inayotumika zaidi duniani, iitwayo Neethling, ilipatikana huko huko Afrika Kusini kutoka kwa ng'ombe mgonjwa.

Mfugaji aliyewahi kuuona hahitaji kuelezwa. Ng'ombe anapata homa kali, anaacha kula, macho na pua vinatoka majimaji, matezi ya mbele ya bega na ya paja yanavimba. Kisha ngozi inajaa mapele magumu ya sentimita 1 mpaka 5, shingoni, mgongoni, kwenye kiwele na korodani, hata mdomoni na kooni. Mengine yanakufa katikati na kung'oka kama kizibo, yanaacha shimo ambalo nzi hulitagia. Kwa kawaida wanaougua ni ng'ombe 10 hadi 20 katika mia, na wanaokufa ni 1 hadi 5 katika mia, ingawa kundi lisilo na kinga kabisa huumia zaidi. Hesabu ya vifo haionyeshi hasara yote. Ng'ombe wa maziwa anakauka, dume hapandi kwa miezi, mwenye mimba anaweza kuitupa, na ngozi iliyotobolewa hivyo haina mnunuzi. Ng'ombe wa kisasa na machotara, ambao wengi wetu tumewapata kwa mkopo au kwa jasho la kahawa na maharage, ndio wanaoathirika vibaya kuliko ng'ombe wetu wa asili.

Kinachouhamisha kutoka zizi hadi zizi ni wadudu wanyonyao damu: nzi wang'atao, mbu, na baadhi ya kupe. Kwa sababu hiyo ugonjwa hupamba moto mvua zinapokolea. Huku kwetu mvua huanza Oktoba au Novemba na kwisha Aprili au Mei, na ni miezi hiyo hiyo nzi hujaa mazizini. Mbali na wadudu kuna miguu ya ng'ombe wenyewe. Wilaya hizi mbili zinapakana na Burundi upande mmoja, na upande wa mashariki zinashuka kwenye mabonde ya Malagarasi na Moyowosi yanakochungia makundi makubwa. Ng'ombe wanaingia mnadani leo, kesho wako njiani kwenda machinjioni au kwa mnunuzi wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Magamba makavu ya mapele hubeba kirusi hai kwa zaidi ya mwezi. Kamba iliyomfunga mgonjwa na gari lililombeba vyote vinastahili kuogopwa kuliko chupa ya chanjo.

Sasa chanjo yenyewe. Ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Hatulifichi neno hilo "hai", kwa kuwa wanaoeneza hofu hulitumia wao na kuwaacha wengine wakijibu kwa kigugumizi. Kirusi cha Neethling kilipitishwa mara nyingi katika chembe za figo za mwanakondoo na katika mayai yenye viinitete, mpaka kikapoteza nguvu ya kumwangusha ng'ombe lakini kikabaki na sura ambayo mwili wa ng'ombe unaitambua na kujifunza kupigana nayo. Ndiyo njia iliyotumika pia kwa chanjo ya sotoka iliyotengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright na wenzake, na ambayo iliufuta ugonjwa huo duniani. Kutokomezwa kwa sotoka kulitangazwa mwaka 2011. Babu zetu wa Heru na Muhambwe walizaliwa katika nchi ambayo sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imefagia mifugo ya Afrika Mashariki. Vijana wetu wa leo hawajawahi kuiona, na hawataiona, kwa sababu ya chanjo hai.

Kwa kuwa ni kirusi hai, mwili wa ng'ombe unaitikia, na mwitikio huo wakati mwingine huonekana kwa macho. Hapa ndipo tunapowataka maafisa mifugo wetu waseme waziwazi kabla ya kuchoma, na wafugaji wasikilize kwa makini. Baadhi ya ng'ombe watapata uvimbe palipochomwa. Baadhi watapata homa ya siku chache. Ng'ombe wa maziwa anaweza kupunguza maziwa kwa muda mfupi kisha akarudi. Wachache sana watatoa vipele vidogo kati ya wiki ya kwanza na ya tatu. Hivi ni vidogo kuliko vya ugonjwa, viko juu juu ya ngozi, havichimbi shimo, na hupotea vyenyewe kwa wiki mbili au tatu. Nchini Israel, wakati wa mlipuko wa mwaka 2012 na 2013, watafiti walifuatilia maelfu ya ng'ombe wa maziwa wa kisasa, wale wale walio dhaifu zaidi mbele ya ugonjwa huu. Waliothibitika kupata vipele vya chanjo ya Neethling walikuwa ng'ombe wanne hivi katika kila elfu, na hawakumkuta ng'ombe asiyechanjwa aliyeambukizwa na aliyechanjwa.

Uvimbe wa shingo usikandwe, usipasuliwe, usichomwe kwa moto. Tunalisema hili kwa sababu chuma cha moto bado kipo katika maboma mengi, na kidonda kinachooza baada ya kuunguzwa huhesabiwa kuwa kosa la chanjo.

Kuhusu faida ya chanjo, tuwaelekeze macho Ulaya ya kusini mashariki. Ugonjwa uliingia Ugiriki mwaka 2015, na mwaka uliofuata ukasambaa Bulgaria, Serbia, Albania na majirani zao. Walichanja kwa pamoja, nchi kwa nchi, kwa chanjo hiyo hiyo ya Neethling iliyotoka Afrika. Milipuko iliyoripotiwa katika eneo hilo ilikuwa 7,483 mwaka 2016. Mwaka 2017 ilishuka hadi 385. Upande wa pili iko India, ambako mwaka 2022 ugonjwa uliyakuta makundi mengi hayana kinga na zaidi ya ng'ombe 150,000 wakafa. Mfugaji wa Kifura au wa Makere hana haja ya kwenda India kujifunza hilo. Apige hesabu ya ng'ombe wake mwenyewe.

Tuje kwenye lalamiko ambalo ndilo kubwa kuliko yote: "Nilimchanja, na wiki haijaisha akatoka mapele." Mara nyingi anayesema hivyo hasemi uongo. Ng'ombe alichanjwa, na ng'ombe akaugua. Kinachokosewa ni hesabu ya siku. Kirusi cha ugonjwa kikishaingia mwilini hukaa kimya wiki moja hadi nne kabla ya mapele kutokea. Kinga ya chanjo, kwa upande wake, huanza kujengeka baada ya siku kama 10 na hukamilika kwenye wiki ya tatu. Kwa hiyo ng'ombe aliyeng'atwa na nzi mwenye kirusi siku tano kabla ya chanjo yuko mbele ya chanjo kwa siku tano, na sindano haiwezi kumrudisha nyuma. Ataugua, na jirani atasema ameuguzwa na sindano.

Wanaoyapa nguvu maneno haya ni sisi wenyewe, tunaongoja mpaka mapele yaonekane kwa jirani ndipo tupige simu kwa afisa mifugo. Chanjo ya dakika ya mwisho inalikuta kundi limekwisha kuambukizwa nusu. Msimu wa kuchanja nyanda hizi ni kiangazi, Julai mpaka Septemba, nzi wakiwa wachache na ng'ombe wakiwa bado na nyama mwilini, ili mvua za Novemba ziwakute na kinga kamili. Chanjo hurudiwa kila mwaka. Mlipuko ukishaanza, wachanjwe wale wasio na dalili, waanze walio mbali na wagonjwa, na mwenye ng'ombe aambiwe wazi kwamba baadhi huenda walikwisha kuambukizwa.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao haukuzuiwa mapema. Tarehe 16 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ya miaka mitano, yenye gharama ya shilingi bilioni 216. Mfugaji alitakiwa kuchangia shilingi 500 kwa ng'ombe na 300 kwa mbuzi au kondoo; kuku walichanjwa bure, na ng'ombe wakavishwa hereni. Tuliipokea kampeni hiyo na bado tunaiunga mkono. Lakini chanjo ya ng'ombe iliyowekewa ruzuku katika kampeni hiyo ni ya homa ya mapafu. Si ya mapele ngozi. Ni magonjwa mawili tofauti, yanayoletwa na vijidudu tofauti kabisa, na sindano ya mmoja haimkingi ng'ombe na mwingine. Mfugaji anayemwona ng'ombe wake mwenye hereni akitoka mapele anasema serikali imempa chanjo bandia. Hakupewa bandia, alipewa ya ugonjwa mwingine na hakuna aliyemfafanulia. Tunazitaka halmashauri zetu zote zihakikishe kwamba kila siku ya uchanjaji jina la ugonjwa linatajwa mbele ya watu, linaandikwa kwenye kadi au daftari la mfugaji, na tarehe ya kurudia inaandikwa pembeni yake.

Tukiwa hapo, neno moja juu ya chanjo ya homa ya mapafu. Mbegu yake, T1/44, ilipatikana hapa hapa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nayo ni hai, lakini iliyo hai ndani yake ni aina ya bakteria, na antibayotiki huiua. Mtu anayemchoma ng'ombe antibayotiki ya "oksi" siku ya chanjo kwa nia ya kumwongezea nguvu anaitupa chanjo ya homa ya mapafu. Chanjo hiyo pia inajulikana kwa kuvimbisha palipochomwa. Kwa hiyo uvimbe unaoonekana katika maboma yetu tangu kampeni ianze si lazima uwe na uhusiano wowote na chanjo ya mapele ngozi.

Sasa ubaridi. Chanjo ya mapele ngozi huja kama unga mkavu ndani ya chupa, ikitakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, gizani, na huchanganywa na maji yake maalumu papo hapo kwenye kibanio. Ikishachanganywa, uhai wake ni wa saa chache tu, kama kibandiko chake kinavyoelekeza. Chanjo iliyokufa kwa joto haimdhuru ng'ombe. Madhara yake ni kwamba haifanyi kitu, na mfugaji anabaki amelipa, ameamini, na ng'ombe wake hana kinga. Katika mwaka wa mapele, ng'ombe wa namna hiyo ndiye anayetolewa ushahidi dhidi ya chanjo yote.

Hali ya miundombinu imebadilika, na haki yake tuiseme. Umeme wa gridi ya taifa ulitufikia mwaka 2022 kutoka Nyakanazi, baada ya miaka mingi ya majenereta. Barabara ya lami ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, ya kilomita 260, imefupisha safari ambayo zamani masika ilikuwa ya siku nzima. Hakuna tena sababu ya chanjo kufika Kibondo mjini au Kasulu mjini ikiwa imeharibika. Tatizo limehamia sehemu ya mwisho ya njia: pikipiki kutoka ofisi ya wilaya hadi kijijini, kasha lililofungwa nyuma kwa mpira, barafu iliyogandishwa kwenye chupa za maji, na jua. Tunaomba kila afisa mifugo wa kata apewe kasha la chanjo linalofungika, barafu ya kutosha na kipimajoto ndani yake. Na tunawapa wanachama wetu ruhusa, kwa kweli tunawaagiza, kuomba kuonyeshwa kipimajoto hicho kabla ya ng'ombe wa kwanza kuingia kwenye kibanio. Afisa anayejua kazi yake hatachukia.

Jambo la wafugaji wadogo linahitaji mpango wake. Kasulu na Kibondo wengi wetu tuna ng'ombe wawili, watatu, watano. Chupa moja ina dozi za ng'ombe wengi. Afisa akiifungua kwa ajili ya boma moja, ama atatupa zinazobaki, ama atashawishika kuzitumia kesho. Za kesho zimekufa. Kwa hiyo kila kitongoji kijipange kwa siku moja na kibanio kimoja, majina yaandikwe mapema kwa mwenyekiti, na chupa ifunguliwe ng'ombe wakiwa wamesimama mbele yake. Chupa ikibaki na dozi saa zake zikiisha, itupwe mbele ya watu. Tunajua inauma kuona hela inamwagwa.

Sindano ni hoja nzito kuliko zote, na katika hili wanaolalamika wana haki yao. Sindano moja ikipita kwa ng'ombe mia inaweza kubeba damu ya mgonjwa hadi kwa mzima. Inaweza kubeba kirusi cha mapele, ndigana baridi, hata nagana, ugonjwa ambao nchi yetu ya Buha inaufahamu vizuri: katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Kibondo na Kasulu na kuwakusanya katika makazi maalumu kwa ajili ya malale, ambayo ni nagana ya binadamu. Mlipuko unaofuata siku ya uchanjaji unaweza kweli kuwa umeletwa siku hiyo, na usiwe umeletwa na kilichokuwa ndani ya chupa bali na kilichokuwa kwenye ncha ya chuma. Tunataka sindano mpya kwa kila ng'ombe wakati wa mlipuko, na angalau sindano mpya kwa kila boma wakati wa amani. Bei ya sindano iingizwe wazi katika mchango wa mfugaji, tutalipa. Mabomba yachemshwe jikoni kwa maji yanayotokota, yasioshwe kwa spiriti wala dawa ya kuua vijidudu, kwa kuwa mabaki ya dawa hizo huua chanjo hai kabla haijafika chini ya ngozi.

Kuna pia wauzaji wanaopita na mifuko. Tumewaona minadani, wanauza vichupa visivyo na kibandiko au vyenye kibandiko kilichokwanguliwa tarehe, na wanachoma wenyewe. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka kazi hii ifanywe na waliosajiliwa au kuorodheshwa na Baraza la Veterinari. Lakini hata tukiiweka sheria kando, mambo yaliyotokea Asia ya Kati na Urusi yanatosha kututia hofu: kundi moja la chanjo za mapele lililotumika Asia ya Kati lilipochunguzwa na watafiti lilikutwa na virusi vya aina zaidi ya moja vilivyochanganyika, na baadaye virusi vyenye vinasaba vya mchanganyiko huo vikaonekana kwenye milipuko ya Urusi na hata nchi za mashariki ya mbali. Hatari ya namna hiyo ni ya kweli na hatuifichi. Dawa yake ni kupima kila toleo la chanjo kabla halijafika kwa mfugaji. Umoja wa Afrika una kituo kwa kazi hiyo, PANVAC, kilichoko Debre Zeit, Ethiopia. Tunaiomba Wizara ya Mifugo na Uvuvi ihakikishe hakuna toleo la chanjo ya mapele ngozi linaloingia mkoani Kigoma bila cheti cha ubora, na nakala ya cheti hicho ibandikwe ofisi ya mifugo ya wilaya panaposomeka. Mfugaji naye asikubali chupa isiyo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kuhusu ng'ombe mwenye mimba: anachanjwa, mradi ana afya na hakimbizwi wala kuangushwa. Ng'ombe mwenye mimba kubwa akisukumwa kwenye kibanio chembamba na vijana wenye fimbo anaweza kutupa mimba hata kama sindano ina maji matupu. Vibanio vya vijiji vingi ni vya miti iliyooza na havina geti la nyuma; tunazitaka serikali za vijiji zivitengeneze kabla ya msimu, na sisi tutatoa nguvukazi. Ndama wa mama asiyechanjwa na ambaye hajawahi kuugua anaweza kuchanjwa mapema. Ndama wa mama mwenye kinga asubiri afikishe miezi 3 hadi 6, kwa sababu kinga aliyoinyonya huizima chanjo. Ng'ombe mgonjwa, aliyekonda sana au mwenye homa ya ndigana asichanjwe siku hiyo.

Maziwa ya ng'ombe aliyechanjwa yananyweka. Yachemshwe, kama yanavyopaswa kuchemshwa siku zote kwa ajili ya kifua kikuu na ugonjwa wa kutupa mimba. Kuhusu kuchinja, fuateni siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chanjo iliyotumika.

Limebaki jambo moja ambalo maofisa wageni huwa hawalioni. Katika nchi yetu ya Buha, ng'ombe walioko kwenye zizi la mtu si lazima wawe wake. Tangu enzi za machifu tumekuwa tukiwekeana ng'ombe kwa urafiki, kwa undugu, kwa malipo ya ndama, na mpaka leo mwalimu wa Kasulu mjini ana ng'ombe wake kwa mjomba huko Heru, na mfanyabiashara wa Mabamba ana wake kwa rafiki wa Kitahana. Siku ya chanjo anayekuwepo ni mtunzaji. Anajua ng'ombe asipochanjwa akafa, itasemwa ni kazi ya Mungu; akichanjwa akafa, ataulizwa yeye nani alimpa ruhusa. Kwa hiyo anakataa, au anawaficha porini mpaka gari liondoke. Tusimwite mjinga, kwa kuwa hesabu yake imetimia. Ninyi wenye ng'ombe mlioko mjini, pigeni simu kabla ya siku ya chanjo, mpeni ruhusa mtunzaji mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na mtumeni hela ya mchango. Chama kitaandika majina ya wenye ng'ombe na ya watunzaji katika daftari la kila kijiji ili lawama isimwangukie asiye na mamlaka.

Ng'ombe akifa au akitupa mimba ndani ya siku 30 baada ya chanjo, tunataka achunguzwe, asizikwe na maneno tu. Mfugaji atoe taarifa siku hiyo hiyo kwa afisa mifugo wa kata, na daktari wa mifugo wa wilaya achukue sampuli na kuzipeleka maabara ya veterinari. Majibu yarudi kijijini na yasomwe mkutanoni, hata yakiwa yanaonyesha kwamba kosa lilikuwa la uchanjaji. Likionekana ni kosa la uchanjaji, mwenye ng'ombe alipwe fidia. Tumewaandikia wakurugenzi wa halmashauri zetu zote tukiomba utaratibu huo uwekwe kwa maandishi kabla ya kiangazi kijacho.

Wanachama wenye ng'ombe wanaoonyesha mapele sasa wawatenge, wawapulizie au kuwaogesha dawa ya nzi na kupe, wasiwapeleke mnadani wala kuwavusha mpaka, na watoe taarifa kama Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inavyotaka. Antibayotiki haiui kirusi. Itatumika kwa ushauri wa daktari kuzuia vidonda visioze. Wasio na dalili waandikishwe kwa wenyeviti wa vitongoji.

Limetolewa na viongozi wa chama kwa niaba ya wanachama, Kibondo na Kasulu, mkoa wa Kigoma.